Mbegu ya samaki nayo ina ukoo, tuulize kabla ya kuimwaga bwawani

Mkulima wa Bukiriro hahitaji kufundishwa maana ya mbegu. Akienda kwa jirani kuomba machipukizi ya migomba, huuliza kwanza yametoka shamba gani, maana anakumbuka jinsi mnyauko wa migomba ulivyoingia mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000, ukisafiri kwa panga lisilosafishwa na kwa chipukizi lililotolewa kwa nia njema. Akinunua mtamba, huuliza mama yake alikuwa akikamuliwa lita ngapi. Hata jogoo wa mbegu huulizwa alikotoka.

Lakini mkulima huyo huyo akishachimba bwawa la samaki bondeni, mambo hubadilika. Hununua vifaranga vilivyoletwa kwa pikipiki ndani ya dumu, huvihesabu, hulipa, huvimwaga majini na kuanza kusubiri. Swali analouliza ni moja tu: kimoja bei gani? Wazazi wao ni akina nani, walikuwa wangapi, na walitoka ziwa gani au mto gani, hayo hayaulizwi. Baada ya miezi minane anavua samaki wenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, halafu anasema ufugaji wa samaki haulipi.

Kwa maoni yangu, mara nyingi lawama hiyo inapelekwa pasipostahili. Bwawa linaweza kuwa zuri na pumba zikawa za kutosha, lakini mbegu ikawa imechoka. Na hasara ya mbegu iliyochoka haiishii kwenye bwawa la mtu mmoja. Katika wilaya kama Ngara na Biharamulo, ambako maji ya mabonde huishia mito ya Ruvubu na Kagera au hushuka kuelekea Ziwa Victoria, kila dumu la vifaranga ni jambo la watu wengi.

Samaki wana koo zao

Wataalamu wa vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya kiumbe hai, wametufundisha jambo ambalo wavuvi wazee walilihisi zamani. Samaki wa aina moja si lazima wawe ukoo mmoja. Kundi linalozaliana lenyewe kwa lenyewe kwa maelfu ya miaka hujijengea tabia zake: joto la maji linaloliwezea, msimu wake wa kuzaa, magonjwa linayoyahimili.

Mfano mzuri uko pwani yetu wenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakinasa silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na mijusi mikubwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba yaliyoonyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi la peke yake, tofauti na lile la visiwa vya Komoro. Kwa macho ni samaki yule yule. Kwa damu ni koo mbili zilizotengana muda mrefu, na ukiuangamiza mmoja hutaujaza kwa kuleta mwingine.

Jodari yuko kinyume cha hapo. Yeye huvuka Bahari ya Hindi bila kujali mpaka wa nchi yoyote, ndiyo maana mataifa yanalazimika kukaa pamoja katika kamisheni yenye makao yake Shelisheli ili kupanga namna ya kumvua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kutunza samaki au kuwazalisha ni hili: huyu ni wa kundi gani, na kundi hilo hutembea hadi wapi?

Msomaji wa Ngara anaweza kusema bahari iko mbali. Si mbali kama anavyodhani. Dagaa wa Kigoma wanaouzwa kwenye magulio yetu ni wa jamaa ya samaki wa baharini. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu zao waliingia kutoka baharini upande wa Afrika Magharibi, mamilioni ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi, na kizazi chao kikafika Ziwa Tanganyika. Samaki ni wahamiaji kuliko sisi.

Maji yetu ni njia panda

Eneo letu lina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Si mbali na kusini mwa Ngara maji hugawanyika. Yale ya Ruvubu na Kagera huenda Ziwa Victoria na hatimaye mto Nile. Yale ya Malagarasi huenda Ziwa Tanganyika na hatimaye mto Kongo. Kati ya pande hizo mbili ni vilima tu.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Joana Meier walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya furu wa Ziwa Victoria na maziwa jirani. Walikuta kwamba furu hao wote, ambao aina zao zinapita 500, walitokana na kukutana kwa koo mbili: moja ya upande wa Nile na nyingine ya upande wa Kongo. Kukutana huko kulitokea miaka kama 150,000 iliyopita. Watafiti hao wanaona kuwa yaelekea wakati wa mvua nyingi baadhi ya vijito vya Malagarasi viligeuza mkondo na kuwaleta samaki wa Kongo huku kwetu. Kutokana na mchanganyiko huo ukapatikana utajiri wa samaki ambao wanasayansi wa dunia nzima huja kuushangaa.

Hapo msomaji mwerevu ataniuliza: kama kuchanganyika kulileta neema, kwa nini leo tuogope kuchanganya? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mchanganyiko ule ulipewa makumi ya maelfu ya miaka ili maji yachague nani abaki na nani aondoke. Sisi tunachanganya kwa siku moja, kwa dumu la lita 20, na tunataka kuvuna kabla ya mwaka kwisha.

Yaliyompata ngege

Tunao ushahidi wa karibu zaidi. Nyavu za makila ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Michael Graham alipolichunguza ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alikuta kwamba samaki muhimu kuliko wote kwa biashara alikuwa ngege, na akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ngege alizidi kupungua. Kuanzia miaka ya 1950 sato wa Nile aliletwa ziwani ili kuziba pengo, na sangara naye akaingizwa. Sato alikua haraka, akala vyakula vingi zaidi, akachukua mazalia. Tena sato na ngege ni jamaa wa karibu kiasi kwamba wakikutana huweza kuzaana, na watoto wao wakazaa tena. Ukoo wa ngege ukapata maadui watatu kwa mpigo: nyavu, meno ya sangara na ndoa za mseto.

Leo ngege na mwenzake mbiru wamo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Ngege alisalimika hasa katika maziwa madogo yaliyo kandokando ya ziwa kubwa. Nchini Kenya yupo Ziwa Kanyaboli, katika eneo oevu la Yala, ambako mwaka 2011 watafiti walichapisha ulinganisho wa vinasaba vyake na vya sato kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ya kuchanganyika. Kwa upande wetu, watafiti wamemtaja katika maziwa madogo ya Kagera kama Burigi na Ikimba. Yaani hazina ambayo ziwa kubwa limeipoteza imehifadhiwa mlangoni petu.

Yupo pia ningu, ambaye wazee wanaokaa kando ya mito wanamkumbuka. Huyu huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha hupanda mtoni kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko. Uvuvi wake ulikuwa mkubwa hadi miaka ya 1950, kisha ukaanguka kwa sababu nyavu za makila ziliwekwa midomoni mwa mito na kuwanasa wakiwa njiani, mayai tumboni. Mwaka 2004 Justus Rutaisire na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya ningu uliobainisha kwamba ukoo wake ni wa kale kuliko kule kukauka kwa Ziwa Victoria miaka kama 15,000 iliyopita. Ziwa lilikauka, yeye akaendelea kuishi, na yaelekea mito ndiyo iliyomhifadhi. Samaki aliyeshinda ukame uliomaliza ziwa zima ameshindwa na nyavu zetu za miaka hamsini.

Hesabu ya mbegu iliyochoka

Sasa turudi bwawani, maana msomaji wa ukurasa huu anataka kujua jambo hili linamgusaje mfukoni.

Mfugaji mwingi huanza na samaki wachache. Wakishazaliana, huchagua wakubwa na kuwauza kwa sababu ndio wenye bei, kisha huacha wadogo waendelee kuzaa. Bila kujua, anafanya kinyume cha mfugaji wa ng'ombe: anachinja dume bora na kubakiza dhaifu. Jirani akitaka mbegu huchota humo humo. Baada ya miaka michache, mabwawa ya bonde zima yanakuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Wataalamu wana kanuni rahisi ya kupima hatari hiyo. Chukua idadi ya madume, zidisha kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya wazazi wote. Ukiwa na dume 1 na majike 10, unapata 40 gawanya kwa 11, yaani 3.6. Kwa hiyo ingawa una wazazi 11, kwa upande wa urithi ni kama una wazazi wasiofika wanne. Kundi la namna hiyo hupoteza karibu asilimia 14 ya utofauti wa vinasaba vyake kwa kila kizazi. Sato wa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi mitano au sita, wakati mwingine mapema zaidi, hivyo vizazi vitano vinaweza kupita ndani ya miaka mitatu. Baada ya vizazi vitano utakuwa umebakiwa na chini ya nusu ya utofauti ulioanza nao.

Ukiwa na madume 25 na majike 25, kanuni ile ile inakupa 50, na unapoteza asilimia 1 tu kwa kizazi. Baada ya vizazi vitano bado unayo asilimia 95. Tofauti kati ya mfugaji wa kwanza na wa pili si pumba wala mbolea. Ni idadi ya wazazi.

Utofauti huo ndio akiba ya ukoo. Ukipungua sana, samaki hudumaa, mayai mengi hayaanguliwi, vilema huongezeka, na ugonjwa ukiingia huwafagia wote kwa kuwa wote wana udhaifu ule ule. Kweli, kudumaa kuna sababu nyingine pia. Sato hustawi zaidi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30, na vilima vya Ngara vina baridi. Bwawa lililojaa samaki kupita kiasi nalo hutoa samaki wadogo. Lakini hayo mfugaji anaweza kuyarekebisha kwa jembe na wavu. Damu iliyokwisha kuchoka hairekebishiki kwa pumba.

Wenzetu wa Asia walilielewa hilo mapema. Mwaka 1988 nchini Ufilipino ulianzishwa mradi wa kuboresha sato wa kufugwa. Waliona kwamba sato wa mabwawa yao wamechoka, wakaja kuchukua sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na wale wa mabwawani kwa mpango maalumu na kuchagua waliokua vizuri kizazi baada ya kizazi. Sato aliyepatikana humo amesambaa katika nchi nyingi. Fundisho ni moja: aliye na samaki wa asili ana benki. Afrika ilikuwa na benki hiyo, na Asia ndiyo iliyokwenda kukopa na kutajirika.

Siwalaumu wafugaji

Najua yatakayosemwa. Mzee mwenye bwawa moja na wajukuu sita hana muda wa kusikiliza habari za vinasaba. Anataka kitoweo, na sato hukua haraka kuliko ngege. Wengine watanikumbusha kwamba kuhamisha samaki si lazima kulete balaa. Jirani zetu wa Rwanda wanakula sambaza wa Ziwa Kivu, na hao ni dagaa waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakaleta chakula na biashara mahali ambapo havikuwapo.

Ni kweli, wala sisemi sato afukuzwe. Ameshafika, analisha watu, anasomesha watoto. Ninachosema ni kwamba akae bwawani, tena awe na ukoo unaojulikana. Kuhamisha dagaa kwenda Kivu kulifanyika mara moja, na matokeo yakafuatiliwa miaka mingi. Sisi tunahamisha kila wiki bila kuandika popote. Uchunguzi wa Asilatu Shechonge na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sato na jamaa zake wageni wameshaenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania, na sababu kubwa ni watu kuwapeleka huko makusudi kwa miaka mingi. Maporomoko ya Rusumo, kwa samaki wengi, ni ukuta uliowatenga wa juu na wa chini tangu zamani. Dumu moja kwenye pikipiki linauruka ukuta huo kwa nusu saa.

Tufanye nini

Kwanza, mfugaji aulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Hawa ni aina gani? Wazazi wao walitoka wapi? Madume wangapi na majike wangapi? Mara ya mwisho damu mpya iliingizwa lini? Muuzaji asiye na jibu hata moja anauza bahati nasibu.

Pili, vikundi vya wafugaji vigawane kazi. Mfugaji mmoja hawezi kutunza wazazi 50, lakini wafugaji watano wanaweza kutunza 10 kila mmoja na kubadilishana madume kwa zamu, wakiandika kwenye daftari la kikundi nani kampa nani na lini. Sharti samaki wote wawe wa aina moja. Kubadilishana sato kwa ngege si kuongeza damu, ni kuharibu vyote viwili. Na wazazi wachaguliwe miongoni mwa waliokua vizuri, wasiwe mabaki ya mnada.

Tatu, bwawa lisichimbwe mahali ambapo mafuriko ya masika yatalifunika. Kingo ziinuliwe, na bomba la kutolea maji liwekewe wavu wenye matundu madogo. Vifaranga vilivyozidi vikaangwe au vikaushwe, visimwagwe mtoni kwa huruma. Huruma ya namna hiyo ndiyo inayomaliza samaki wa asili.

Nne, serikali itimize wajibu wake. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ilianzishwa mwaka 1980. Mkulima wa magharibi ya Kagera anahitaji kituo cha mbegu cha karibu chenye vifaranga vinavyouzwa na cheti kinachoeleza ukoo wao, kama zinavyouzwa mbegu za mahindi zenye lebo. Kituo hicho kijaribu pia kumfuga ngege wa kwetu katika maji ya baridi ya vilima vyetu, tujue kwa vipimo anafaa au hafai. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watalii huambiwa habari za twiga na viboko wa hifadhi hiyo. Ni haki waambiwe pia kwamba majini mle kuna samaki ambaye ziwa kubwa limemkosa, na vinasaba vyake vipimwe kabla dumu la mtu halijafika.

Tano, kwa kuwa Kagera na Ruvubu hazina pasipoti, maafisa uvuvi wa Ngara wawe na mazungumzo ya kawaida na wenzao wa Rwanda na Burundi. Nchi hizi tatu zimeweza kujenga pamoja mtambo wa umeme wa megawati 80 pale Rusumo na kugawana nguvu yake. Zitashindwaje kukubaliana ni samaki gani waruhusiwe kumwagwa katika mto huo huo?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Samaki ni mali. Daftari lake la kwanza ni lile lililoandikwa ndani ya damu yake, nalo limeandikwa kwa maelfu ya miaka. La pili ni la shilingi 1,000 linalouzwa dukani, ambalo mfugaji wa Bukiriro anaweza kulinunua kesho asubuhi na kuandika mstari wa kwanza: vifaranga hivi vimetoka wapi.